Mikopo ya korona Marekani: mdogo aliwekwa mwisho wa foleni

Machi 27, 2020, Marekani ilisaini sheria ya kunusuru uchumi wakati wa korona. Ndani yake mlikuwa na dola bilioni 349 za kukopesha biashara ndogo, mpango uliojulikana kama PPP. Riba ilikuwa asilimia 1, na aliyetumia sehemu kubwa ya fedha hizo kulipa mishahara angesamehewa deni. Maombi yalianza kupokelewa Aprili 3. Aprili 16 fedha zilikuwa zimekwisha. Shake Shack, kampuni kubwa yenye migahawa mingi, ilipata dola milioni 10, ikazirudisha baada ya watu kuja juu.

Wanaoutetea mpango huo wana hoja nzito. Serikali haikuwa na watumishi wa kupitia mamilioni ya maombi, ndiyo maana ikapitishia fedha kwenye mabenki. Benki inamjua mteja wake na hesabu zake inazo. Uchunguzi wa kawaida ungechukua miezi, na mfanyakazi hawezi kungoja mshahara kwa miezi.

Ila tazama mabenki yenyewe yalilipwaje. Kwa mkopo usiozidi dola 350,000 serikali iliyalipa asilimia 5 ya mkopo; kuanzia milioni 2, asilimia 1. Ukisoma asilimia tu utadhani mdogo kapendelewa. Piga hesabu: mkopo wa dola 20,000 uliiingizia benki dola 1,000, wa milioni 10 ukaiingizia 100,000. Ongeza desturi ya kuanza na wateja wa zamani, kisha ujiulize kinyozi asiyewahi kukopa benki angefikiwa lini.

Hata aliyefikiwa alipunjwa. Dereva wa teksi aliyejiajiri alipimwa kwa faida aliyoandika kwenye fomu ya kodi, baada ya kutoa mafuta, bima na matengenezo. Akibakiwa na dola 6,000 kwa mwaka, mkopo wake ulikuwa dola 1,250. Aliyepata hasara hakupewa kitu. Machi 2021 serikali ya Biden ikaruhusu kipimo kiwe mapato kabla ya gharama, lakini waliokwisha kukopa hawakurekebishiwa. Hilo lilikuwa dhuluma.

Ni kweli, kulegeza masharti kuna hasara yake: baadhi ya kampuni za mikopo ya mtandaoni zilizowafikia wadogo zilipitisha pia maombi mengi ya kitapeli. Lakini kupanga foleni upya si kulegeza masharti. Februari 2021 biashara zenye wafanyakazi chini ya 20 zilitengewa siku 14 za kuomba peke yao, na hatua hiyo haikuongeza hata dola moja kwenye bajeti. Ingewezekana kuanza nayo Aprili 3, 2020.