Sifuri Iliyorudishwa na Ukoko

Simu iliingia saa nne usiku, nikiwa Dar, nimeshavua shati na feni inanipepea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mashine yako inalia."

"Inaliaje?"

Hakuwa na muda wa kueleza. Aliipeleka simu kwenye mashine nikasikia mwenyewe: piiiiiiii, moja kwa moja, haivuti hata pumzi. Nyuma yake jogoo anawika, kadhani kumekucha. Nyuma ya jogoo, mbwa. Nyuma ya mbwa, mtu mzima aliyekatishwa usingizi, analitaja jina la Mungu kwa namna isiyo ya ibada.

"Ni kawaida hiyo," nikamwambia. "Joto halijatulia. Likitulia itanyamaza."

Fundi akikwambia "ni kawaida hiyo" na hajakiona kitu chenyewe, shika pochi yako.

Mashine yenyewe ni ya kutotolesha vifaranga. Shangazi anafuga kuku wa kienyeji Morogoro, nami nilimtengenezea sanduku la mbao lenye balbu nne, feni iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, trei ya mayai 60 inayogeuzwa na mota, na ubongo wa ATmega328P, chipu ileile iliyomo kwenye Arduino Uno, kile kibao cha kujifunzia elektroniki. Ina kilobaiti 32 za programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu. Kwa kazi ya kulea mayai, hiyo ni nyumba ya ghorofa. Chipu za ukoo huo, AVR, asili yake ni wanafunzi wawili wa Norway, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, kule Trondheim kwenye baridi. Huwa nafurahi nikiwaza kwamba kazi yao imefika Morogoro, imekaa kwenye nyuzi 37 na nusu, inasubiri kuku.

Programu niliiandika kwa lugha ya C, ambayo programu nyingine iitwayo kompaila huigeuza kuwa maagizo ya chipu, na wiki nzima ilitembea mezani bila kosa. Inapima joto kila sekunde. Inageuza mayai kila baada ya dakika 60. Ikifika siku ya 18 inaacha kugeuza, ikifika siku ya 21 inaandika kwenye kioo VIFARANGA TAYARI. Joto likizidi au likipungua, king'ora kinalia. King'ora nilikuwa nimekichomoa siku ya pili ya majaribio, kwa sababu nimepanga nyumba moja na watu sita na kuta zetu ni nyembamba kuliko chapati.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini jioni ya mwisho alipita kijana mmoja tunayechangia naye karakana, akaichungulia programu yangu, akauliza kwa upole kabisa, "Kaka, C tupu? Hata asembli kidogo hamna?"

Asembli ni maagizo ya chipu yenyewe, unayaandika moja moja kwa mkono. Akaenda zake. Mimi nikabaki na lile neno "tupu".

Sasa ngoja nieleze nilichokifanya, maana kwa kweli kilikuwa kizuri. Kipimajoto ni LM35, kinachotoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja. Chipu inakisoma kwa kukilinganisha na volti 1.1 na kunipa namba kati ya 0 na 255. Ukiizidisha namba hiyo kwa 110 kisha ukaigawanya kwa 256, unapata nyuzi joto. Na kugawanya kwa 256 ni bure: jibu lina baiti mbili, kila moja inabeba 0 hadi 255, unachukua ya juu, ya chini unaiacha. Chipu ina agizo la kuzidisha, `mul`, ambalo siku zote linaweka jibu lake kwenye rejista mbili, yaani vijisanduku vya namba ndani ya chipu, r0 na r1. Kwa hiyo baiti ya juu, yaani nyuzi zenyewe, inanisubiri ndani ya r1. Nikafungua `asm volatile`, mlango wa kuingizia asembli, nikapachika mistari miwili katikati ya C yangu:

mul r24, r25
mov r24, r1

Zidisha, chukua. Nikaegemea kiti. Nikawasha: kipimajoto cha dukani kilisema 29, changu kikasema 29. Nikakirudisha king'ora mahali pake, nikakaza skrubu, na bila kuwasha tena nikalipeleka sanduku stendi likapanda basi.

Turudi kwa shangazi. Baada ya nusu saa joto lilikuwa limetulia kabisa, 37 kwenye kioo, na king'ora kinaendelea. Nikatoa dawa ya mafundi wote duniani.

"Zima, hesabu mpaka kumi, uwashe."

Kimya. Nikaanza kutabasamu.

"Imenyamaza, alhamdu..."

Piiiiiiii.

"Basi chomoa waya mwekundu, shangazi."

"Nyaya zote humu ni nyekundu."

Ni kweli. Nilikuwa na roli moja tu ya waya. Shangazi akaifunika mashine kwa kanga, akaongeza mto, akaongeza godoro la mtoto. Balozi wa nyumba kumi akaja na tochi kuuliza kama kuna mgonjwa. Mwishowe shangazi alikwenda jikoni, akachukua koleo la makaa, akaking'oa king'ora kama jino.

Kesho yake mchana akapiga tena.

"Mayai yanageuka sana."

"Yanageuka kila baada ya saa moja, shangazi."

"Baba, mimi nimekaa hapa na simu yangu tangu asubuhi. Ni dakika 23. Halafu nikiacha mlango wazi, inachelewa, inakwenda hata dakika 30. Mashine yako ikipoa ndiyo inapata akili."

Nilicheka. Naomba hili liandikwe: mwanamke ambaye hajawahi kuona mstari mmoja wa programu alinikabidhi jibu zima, limemenywa, nami nikacheka.

Saa nne na robo usiku huo, simu ya tatu. Sauti ya shangazi safari hii ilikuwa ya upole, na upole wake mimi nauogopa kuliko ukali.

"Imeandika vifaranga tayari."

"Siku ya ngapi?"

"Imeandika siku ya 9473. Nimefungua. Ni mayai."

Nikapiga hesabu. Ni karibu miaka 26. Kifaranga wa umri huo angekuwa ameshamaliza chuo na anazunguka na bahasha ya vyeti.

Asubuhi nikapanda treni ya SGR. Nilipofika nilimkuta jirani amekaa kibarazani na boksi la kadibodi lililotobolewa matundu. Kumi na tano katika yale mayai yalikuwa yake, na habari za VIFARANGA TAYARI zilikuwa zimemfikia kabla ya swala ya alfajiri. Akaniamkia kwa macho tu.

Nikafungua laptopu pembeni ya chai na maandazi, nikasoma programu yangu mara tatu. Haikuwa na kosa. Niliandika wazi: king'ora ni 0. Niliandika wazi: ukimaliza kugeuza, dakika ni 0. Nikachukua kalamu nikaandika malalamiko ya shangazi kwenye karatasi, nikayatazama kama mtoto anayetazama mtihani. Inahesabu mpaka 60 lakini inafika kwa dakika 23. Kwa hiyo inaanzia 37. Siku ilitakiwa kuwa 1, ikawa 9473. Zimezidi 9472. Nikagawanya kwa 256.

37.

Nikainua macho kwenye kioo cha mashine. Kilikuwa kinawaka kwa utulivu kabisa: 37.

Nikafungua asembli ambayo kompaila ilikuwa imeitoa kutokana na C yangu, kazi ambayo ningetakiwa kuifanya kabla ya kujifanya mjuzi. Kila mahali nilipoandika sifuri, yenyewe ilikuwa imeandika r1. Hapa r1, pale r1. Kumbe kompaila ya GCC kwa chipu hizi ina mila yake: rejista r1 ni sifuri ya nyumba. Programu inapowaka inasafishwa mara moja, na kuanzia hapo yeyote anayehitaji sifuri anakwenda kuchota humo, kwa imani. Chipu ina rejista 32, na mimi kwa `mul` yangu nilikwenda kumwaga jibu ndani ya ileile moja ambayo haitakiwi kuwa na kitu.

Kwa hiyo ndani ya lile sanduku, sifuri ilikuwa 37. Ukifungua mlango joto likashuka, sifuri inakuwa 30. King'ora kiliambiwa "wewe ni sifuri, nyamaza", kikapewa 37, na kwa king'ora chochote kisicho sifuri ni ruhusa ya kulia. Siku nazo zilikuwa namba ya baiti mbili, niliyokuwa naiongezea baiti moja. Baiti ya chini ilipata 1 yake kihalali, ya juu ikaongezewa "sifuri". Mara 37, mara 256, miaka karibu 26. Ile sekunde moja ya kimya baada ya kuwasha ndiyo sekunde pekee ambayo sifuri ilikuwa sifuri, kabla sijapima joto.

Na kilichoniuma zaidi: kitu kimoja tu kilikuwa sahihi muda wote, nacho ni joto. Asembli yangu ilifanya kazi yake bila dosari. Ilikuwa inawaharibia wengine.

Hata saa ya ndani haikukosea hata sekunde, nikashangaa, mpaka nilipoona kwa nini. Sekunde zilihesabiwa na katizo, kipande cha programu kinachosimamisha mengine yote kwa muda kifanye kazi yake, na kompaila inapoingia kwenye katizo haimwamini mtu: inaiweka r1 pembeni, inaisafisha, inafanya kazi yake, na ikitoka inairudisha kama ilivyoikuta. Yaani kila sekunde alikuwa anakuja mfagizi, anaukuta uwanja umejaa takataka zangu, anazikusanya, anafagia, anafanya shughuli yake, kisha anazimwaga tena palepale na kuondoka.

Suluhisho la kwanza nililitoa kichwani. Mwishoni mwa `asm` kuna orodha ya kuitajia kompaila rejista ulizozichafua. Nikaandika r1 humo, kiungwana, kama mtu anayeomba radhi kwa barua. Nikakirudisha king'ora ili nijaribu mbele ya mashahidi. Nikawasha.

Piiiiiiii.

Shangazi akatoka jikoni na koleo mkononi. Sijui kama alikuwa anakuja kwa king'ora au kwangu. Kumbe kutaja hakutoshi. Kompaila hiyo ikishaamua kwamba r1 ni sifuri, barua yako haisomi. Ni lazima usafishe mwenyewe. Nikaongeza mstari wa tatu, `clr r1`, nikawasha tena, na nyumba nzima ikasikia kimya. Jirani akaweka boksi chini.

Kisha nikafanya lile nililoogopa kulifanya. Nikafuta asembli yangu yote, nikaandika kwa C tupu: zidisha kwa 110, gawanya kwa 256. Nikatazama kompaila imetoa nini. `mul`, `mov`, `clr r1`. Yaleyale mawili yangu na la tatu la kusafisha, ambalo yenyewe haikusahau. Chipu inakwenda kwa megahezi 16, kwa hiyo hilo agizo moja nililolisahau lilikuwa linaniokolea nanosekunde 62.5 kwa kila kipimo. Mara moja kwa sekunde, siku 21. Nilikokotoa hapohapo kibarazani: hadi vifaranga watoke ningekuwa nimeokoa kama sekunde 0.11. Yai lenyewe halikuwa na haraka hiyo.

Nikaiacha C. Nikaweka hesabu ya siku ianzie 3, nikafunga skrubu, nikawasha nikiwa nimesimama pale pale, jambo ambalo sasa nalifanya hata nikibadilisha betri ya rimoti.

"Kwa hiyo vifaranga hamna?" jirani akauliza.

"Bado siku 18, mama."

"Na ile 9473?"

"Hesabu iliteleza."

Akaliacha boksi kibarazani, akasema likae hapohapo linisubirie. Shangazi alitaka aelezwe vizuri kilichotokea, nami nikahangaika na rejista na baiti mpaka nikachoka, mwishowe nikamwambia kuna chombo cha wote, nilikitumia bila kukisafisha.

"Uliazima sufuria ya watu," akasema, "ukairudisha na ukoko."

Nimeshausoma ule mwongozo wa kompaila tangu siku hiyo. Una kurasa nyingi na hauna sentensi iliyonyooka kama hiyo.

Wiki mbili na nusu zikapita bila simu. Nikajua mambo ni shwari. Kisha asubuhi moja ya Jumapili:

"Baba, si ulisema umemaliza? Inalia tena."

Moyo ukanipasuka. "King'ora?"

"King'ora nilikitoa ulipoondoka tu, kiko kabatini, nimekifunga kwenye kitambaa. Inalia yenyewe, na kwa sauti nyingine."

"Kwenye kioo imeandika nini?"

"Imeandika uongo wake uleule, vifaranga tayari. Tangu jana jioni. Sijaihangaikia, nishaizoea."

"Shangazi, fungua mlango."

Nikasikia bawaba, kisha kimya kifupi, kisha sauti nyembamba nyingi kwa pamoja, na sauti ya shangazi ikipiga kelele mbali na simu:

"We! Lete lile boksi!"