Matumbawe Yakigusana: Shubiri Moja Haitoshi, na Pengine Haihitajiki

Karibu kila anayeanza kufuga matumbawe hupewa onyo lilelile kabla hajabandika kipande chake cha kwanza: acha nafasi. Wengine husema upana wa kiganja, wengine shubiri nzima, lakini maana ni moja, kwamba matumbawe mawili ya aina tofauti yasigusane kamwe. Anayeyaacha yakagusana huhesabiwa mzembe, kama si mkatili. Picha ya tangi lililosongamana, ambamo tawi la tumbawe hili limelalia bega la lile, huzua lawama kabla mtu hajauliza ni matumbawe gani na yamekaa hivyo tangu lini.

Swali hilo ndilo linaloamua kila kitu, na ndilo linalorukwa.

Onyo lenyewe halikuzuka tu. Tumbawe haliwezi kuhama. Likishashika mwamba, mwanga unaolifikia na nafasi lililoipata ndiyo riziki yake yote, na jirani anayesogea lazima azuiwe. Mwaka 1971 mtafiti Judith Lang alichapisha aliyoyaona kwenye miamba ya Jamaika: tumbawe likikaribiana na jirani wa spishi nyingine huweza kutoa nyuzi za tumboni mwake, zile zinazomeng'enya chakula, likazitandaza juu ya mwili wa jirani na kumyeyusha hapo hapo alipo. Saa chache zinatosha, na kinachobaki ni kiunzi cheupe. Matumbawe mengine hutumia minyiri mirefu iliyojaa seli za kuuma, ambayo hunyooshwa zaidi usiku na kupepea kule mkondo unakoelekea. Galaxea fascicularis ndilo linalotajwa kila mara, kwa kuwa minyiri yake ya vita huweza kufika sentimita 30.

Hapo tayari shubiri imeshindwa. Ukiliweka Galaxea umbali wa shubiri moja na jirani aliye upande wa chini wa mkondo, umemweka jirani huyo ndani ya eneo la hatari huku ukijiona umechukua tahadhari.

Inashindwa tena kwa matumbawe laini. Sarcophyton na Sinularia hayana minyiri ya kufika mbali, lakini miili yake imejaa kemikali kali za jamii ya terpeni, na sehemu ya kemikali hizo huingia majini. Katika miaka ya 1980, John Coll, Paul Sammarco na wenzao walionyesha huko Australia kwamba matumbawe laini huweza kudhuru matumbawe magumu hata bila kuyagusa. Baharini, maji huchukua sumu hiyo na kuipeleka mbali. Ndani ya tangi maji ni yaleyale, yanazunguka kutoka pampu hadi kichujio na kurudi, na kila tumbawe humo linaonja alichotoa mwenzake. Dawa yake ni makaa maalumu ya kuchujia na kubadilisha maji mara kwa mara. Kuhesabu sentimita hakusaidii kitu. Nimeona matangi ambamo kila kipande kimesimama peke yake kama mti jangwani, na bado Acropora, matumbawe magumu ya matawi, zinanyauka kwa sababu kuna Sarcophyton moja kubwa kule juu ya mkondo ambayo hakuna aliyeishuku.

Kanuni ya nafasi, basi, ni legevu mno kwa baadhi ya matumbawe. Upande mwingine wa kosa lake, kwamba kwa mengine ni kali bila sababu, ndio unaozungumzwa kidogo zaidi.

Chukua matumbawe matatu yanayopendwa kwa minyiri yao minene inayocheza na maji. Nyundo, ambalo ncha za minyiri yake zimepinda kama kichwa cha nyundo. Mayai ya chura, lenye vifundo vifundo kwenye kila mnyiri. Na mwenge, ambalo minyiri yake ni mirefu na imenyooka, na mara nyingi ncha zake zina rangi inayong'aa. Kwa miaka mingi yote matatu yaliorodheshwa katika jenasi moja, yaani kundi moja la spishi za ukoo wa karibu, Euphyllia. Kwa hesabu ya ukoo, ama yote yapatane ama yote yapigane. Wafugaji waliona kitu kingine. Nyundo na mayai ya chura yaligusana, minyiri ikapapasana mchana kutwa, na mara nyingi hapakuwa na kilichoungua. Mwenge ulipokaribia lolote kati ya hayo mawili, jirani alianza kujikunja upande mmoja, kisha nyama ikachunika na kiunzi kikaonekana. Wakaambizana: nyundo na mayai ya chura weka pamoja ukitaka, mwenge uweke kando, pamoja na mienge mingine. Kwa walioshika kanuni ya shubiri, maneno hayo yalikuwa uvumi wa watu waliobahatika.

Mwaka 2017 watafiti waliochunguza vinasaba vya kundi hilo walilitenganisha. Nyundo na mayai ya chura yakawekwa katika jenasi ya Fimbriaphyllia, jina ambalo kabla ya hapo lilikuwa la mgawanyo mdogo tu ndani ya Euphyllia. Mwenge ukabaki Euphyllia. Mstari uliochorwa maabara ulipita palepale ambapo minyiri ilikuwa imeuchora ndani ya matangi.

Jambo hili linanirudia kila ninapomsikia mtu akisema kugusanisha matumbawe ni uzembe. Wale waliolaumiwa walikuwa wamekusanya, kipande kwa kipande na usiku kwa usiku, maarifa ambayo hayangeweza kupatikana kwa njia ya kutenganisha. Tumbawe lililowekwa shubiri moja na kila kiumbe haliwezi kukuambia lolote kuhusu nani wa jamii yake na nani mgeni. Likiguswa, linajibu. Halina macho wala ubongo, ila mwili wake unatofautisha mguso wa ndugu na mguso wa asiye ndugu, na jibu lake unaweza kulisoma kwa tochi saa sita za usiku.

Lang mwenyewe aliupata ugunduzi wake kwa njia ya namna hiyo. Matumbawe ya Scolymia aliyokuwa akiyachunguza yalidhaniwa kuwa spishi moja yenye sura tofauti tofauti. Yalipokaribiana, baadhi yaliyashambulia mengine, na kutokana na hilo Scolymia cubensis ikatambuliwa upya kama spishi kamili. Mfano huo unanipa hoja na papo hapo unaipunguza makali, maana spishi hizo zilikuwa za jenasi moja na bado zilimeng'enyana. Anayedhani kufanana kwa jina la kwanza, lile la jenasi, kunatosha kuhakikisha amani ataua tumbawe. Jozi hujulikana kwa kuangaliwa, moja baada ya nyingine.

Sasa upande wa pili, wa wanaoitetea kanuni ya nafasi, na nitauchukua pale ulipo na nguvu zaidi.

Hoja yao nzito ni muda. Minyiri ya vita haipo tangu mwanzo. Tumbawe likigundua jirani huanza kuiotesha, na kazi hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa. Jozi iliyokaa kwa amani mwezi wa kwanza inaweza kuwa inajiandaa tu. Isitoshe, ushindi hauna mwenyewe wa kudumu. Elizabeth Chornesky alichapisha mwaka 1989 utafiti kuhusu matumbawe yaliyogusana ambamo aliyekuwa akishinda alishindwa baadaye, kisha mambo yakageuka tena. Mfugaji anayeangalia siku tatu na kutangaza kwamba hawa wanapatana hajaangalia chochote.

Naikubali hoja hiyo yote. Swali ni inatuelekeza wapi. Kama mipaka hubadilika kwa wiki na miezi, basi anayeweka nafasi siku ya kwanza na kusahau naye hayuko salama, kwa sababu matumbawe hukua. Shubiri ya leo ni kidole baada ya mwaka, hasa kwa Acropora na wengine wanaokua haraka. Mguso utakuja. Tofauti ni kwamba mmoja ameutarajia na anaujua utakuwa kati ya nani na nani, na mwingine ataukuta asubuhi moja ukiwa umekwisha kufanya kazi yake.

Hoja ya pili ni kwamba hata jozi isiyouana hulipa gharama. Nguvu inayotumika kujilinda mpakani haiendi kwenye kukua. Hili ni kweli, na kwa anayekuza vipande kwa ajili ya kuvigawa ni sababu tosha ya kutenganisha. Hoja ya tatu, kwamba baharini matumbawe huwa na nafasi yao, siikubali. Mwamba wenye afya umejaa migusano. Matumbawe yanayokua taratibu hujilinda kwa kuuma, yanayokua haraka hupanda juu ya jirani na kumnyima mwanga, na kati ya njia hizo mbili hakuna anayemaliza wote. Matokeo yake ni ule msongamano ambao sisi sote tulianza kufuga kwa kuutamani.

Tena ujirani wa mchanganyiko una faida yake. Cody Clements na Mark Hay walipanda huko Fiji matumbawe ya jenasi tatu, Porites, Pocillopora na Acropora, mahali pengine yakiwa yamechanganywa na pengine kila spishi peke yake. Matokeo waliyochapisha mwaka 2019 yalionyesha kwamba yaliyochanganywa yalikua vizuri zaidi, nyama ilikufa kidogo, na mwani ulipata nafasi ndogo ya kuyavamia. Ujirani si sawa na kugandana, wala bahari ya Fiji si tangi la kioo, kwa hiyo siitumii kazi hiyo kuruhusu kila mguso. Naitumia dhidi ya imani kwamba jirani wa aina nyingine ni hasara tupu.

Wa damu moja hawana haja ya mjadala mrefu. Vipande vilivyokatwa kutoka tumbawe mama mmoja vikigusana huungana na kuwa mwili mmoja. Ndicho kinachotumiwa na wanaorejesha miamba, kama David Vaughan alivyofanya Florida katika maabara ya Mote: tumbawe hukatwa vipande vidogo sana, vikapandwa karibu karibu, vikakua haraka na kuungana. Makoloni mawili ya spishi moja lakini ya mama tofauti kwa kawaida hayaungani. Hukutana kwenye mstari, mara nyingine mwembamba na safi, mara nyingine wenye ukingo ulioinuka kama mshono.

Ninachokifanya mimi ni hiki. Jozi nisiyoijua siigandishi kwa gundi. Kila kipande hukaa kwenye kijiwe chake kinachohamishika, kimoja kikiwa upande wa chini wa mkondo wa kingine, na baada ya wiki mbili nabadilisha zamu ili nijue kama aliyenyamaza alikuwa mpole au alikuwa mbali na silaha zake tu. Naangalia usiku, taa zikiwa zimezimwa kwa saa mbili au zaidi. Naanza na ute: ukining'inia upande mmoja tu, nahamisha palepale. Kisha naangalia polipu za mpakani, vile vijiumbe vyenye mdomo na minyiri vinavyounda tumbawe. Zikibaki zimefunga wakati zile za nyuma zimefunguka, nahamisha pia. Jozi ikifika miezi mitatu bila dalili hizo, naiacha ikue. Nyundo na mayai ya chura niliyoyaanza hivyo sasa yamechanganyika kiasi kwamba mgeni akiniuliza mpaka uko wapi, inanibidi nizime pampu, nisubiri minyiri itulie, ndipo nimwonyeshe.