Nimekwaruzana na Bosi

Ilikuwa meseji ya maneno manne tu, niliyomtumia mke wangu kabla sijafungua hata kompyuta: "Nimekwaruzana na bosi asubuhi." Ningejua, ningepiga simu.

Chenyewe kilichotokea kilikuwa kidogo. Nilifika kazini nimechelewa, nikaegesha gari penye nafasi. Bosi akaja nyuma yangu, akasema pale ni pake. Nikamjibu kwamba sijaona palipoandikwa jina. Akanyamaza. Mimi nikatazama viatu vyangu. Yeye akaegesha pembeni, kila mtu akashika njia yake.

Sasa hilo utaliitaje? Ugomvi haukuwa; ugomvi una mashahidi na mtu wa kukushika shati. Kukosana hatukukosana, maana waliokosana hawasalimiani, na yeye saa nne alinisalimia, ingawa kwa nyusi. Kupishana kauli? Hapo nilikaribia, ila waliopishana kauli huondoka salama, na mimi kifuani kulikuwa na kitu kinawasha. Neno lililonikaa sawasawa ni kukwaruzana: ngozi imeguswa, damu haijatoka. Ndiyo maana magazeti yanalipenda. Ukisoma kwamba kuna mikwaruzano ndani ya chama, au kati ya kocha na wachezaji wake, unaelewa papo hapo kwamba watu wamenuniana lakini meza haijapinduliwa.

Taabu ya neno hili ni kwamba halijaacha kazi yake ya kwanza. Kucha hukwaruza, msumari hukwaruza. Koo lenye mafua hutoa sauti ya mikwaruzo. Redio mbovu nayo hukwaruza. Ya gari langu siku hiyohiyo, saa tano, wakati narudi kinyumenyume kuegesha palepale baada ya kupeleka barua (sikutaka kumwachia mtu nafasi), ilikwaruza krrrr mpaka nikaipiga kofi. Halafu ukiiweka ile -ana ya kutendana mwishoni, wanakwaruzana watu, na magari pia yanakwaruzana. Kibaya zaidi, dereva anayeongea Kiswahili hajitenganishi na gari lake. Hasemi gari limepata pancha, anasema "nimepata pancha". Hasemi limeishiwa mafuta, anasema "nimeishiwa mafuta". Akigongwa bampa, "nimegongwa nyuma", na wala hashiki kiuno.

Kwa hiyo mke wangu hakukosea hata chembe. Alisoma alichoandikiwa, akampigia kaka yake.

Shemeji yangu huyo ni fundi wa rangi za magari. Ni mtu wa maneno machache, na yote yanahusu bati. Aliambiwa: "Kaka, shemeji yako kakwaruzana na bosi wake, hebu wahi ukamsaidie kabla hajafukuzwa." Saa saba mchana nikaitwa ofisini kwa bosi. Nikamkuta shemeji kakaa, mkoba wake katikati ya miguu.

"Kaa," bosi akaniambia. "Umeniletea mgeni."

"Shikamoo tena, mzee," shemeji akaendelea alipoachia. "Kama nilivyosema, mimi ni shemeji yake huyu. Nimesikia asubuhi mmekwaruzana, nikaona si vizuri kukaa kimya."

Bosi alinitazama jicho la mtu aliyeletewa wazee wa ukoo kwa kosa la kukanyagwa mguu. Nilitaka kusema kitu. Ulimi ukagoma.

"Jambo lenyewe dogo," bosi akasema. "Litaisha lenyewe."

"Haliishi, mzee. Mkwaruzo ukiuacha hivihivi, mvua ya kwanza tu unashika kutu. Na kutu unayoiona juu siyo yenyewe. Yenyewe iko ndani, inakula."

Bosi akavua miwani.

"Wengi wanataka nipake rangi juujuu, ing'ae, waende zao. Mimi kazi hiyo siifanyi. Kwanza upige msasa, uondoe uchafu wote mpaka ulione bati. Ndipo ujaze puti, usubiri ikauke, upige msasa tena. Ukiharakisha, mwezi hauishi, inafumuka."

"Kweli kabisa," bosi akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Kweli kabisa. Unajua siyo ya leo tu hii. Miaka miwili naegesha pale. Humu ndani hakuna anayeniuliza hata nimeamkaje."

Shemeji akatikisa kichwa kwa huruma ya kitaalamu. "Pole sana, mzee. Umeumia upande gani?"

Bosi akafikiri kidogo, akaweka mkono juu ya moyo. "Hapa."

"Mbele kushoto," shemeji akasema, akaandika kwenye kijidaftari chake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Na hapo ndipo ilipokuwa vigumu zaidi kufungua mdomo, kwa sababu bosi alikuwa anafuta macho.

"Na nani alikuwa anarudi nyuma?" shemeji akauliza, kalamu mkononi.

"Hakuna aliyekubali kurudi nyuma," bosi akajibu. "Ndiyo shida yenyewe."

Shemeji akaguna, akaliandika na hilo. Bosi akasimama, akazunguka meza, akanipa mkono. Akasema na yeye ana makosa yake, asubuhi aliamka vibaya, na kwamba familia yenye mtu mwenye hekima kama huyu isimpoteze. Nikasimama. Nakiri koo lilinikaba. Tukashikana mikono kama marais.

"Haya, tumshukuru Mungu," shemeji akasema. Akafungua mkoba, akapanga juu ya meza ya bosi karatasi za msasa, mkanda wa kubandika na kopo la puti. "Nipe funguo, mzee. Saa mbili tu nakuwa nimemaliza."

Bosi akatazama lile kopo. Akanitazama mimi. Akalitazama tena kopo.

Ilibidi nieleze yote, meseji, mke, pancha, mpaka -ana. Bosi alianza kwa kukohoa, kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini na katibu wake akachungulia mlangoni. Nikashusha pumzi. Nilijua kazi sijapoteza, na huenda nimepata rafiki.

Lakini fundi hafiki eneo la kazi akaondoka hajaona kazi. "Si nimeshakuja?" shemeji akasema. "Acha nilitazame tu."

Tukatoka watatu. Magari yalikuwa bega kwa bega, langu la bluu limetazama barabarani, la bosi jeupe limetazama ukuta. Shemeji alilizunguka lile jeupe polepole, akafika mbele kushoto, akachuchumaa. Akapitisha kidole juu ya tairi, akakigeuza akitazame. Kilikuwa na unga wa bluu.

Akahamia kwenye gari langu, kona ya nyuma. Akalowesha dole gumba kwa mate, akasugua. Mimi nikaikumbuka ile redio.

Bosi akavaa miwani yake taratibu, mkono wa kwanza, mkono wa pili.

"Si nilisema mbele kushoto?" shemeji akasema, akafungua kopo la puti.