Uongo Njoo, Utamu Kolea: Momotaro wa Vitani kwa Macho ya Mhamiaji

Mbele ya kituo cha treni cha Okayama, mji ninaoishi kwa mwaka wa 11 sasa, imesimama sanamu ya kijana Momotaro pamoja na mbwa, nyani na ndege wake. Kila tunapopita hapo kwenda chekechea, binti yangu hunivuta mkono tusimame kidogo ili awasalimie wanyama hao mmoja mmoja. Barabara kuu inayoanzia kituoni ina jina la Momotaro, na uwanja wa ndege wa Okayama nao ni hivyo hivyo. Kisa chake kila mtoto wa Japani anakijua: kizee asiye na mtoto anaokota pichi kubwa linaloelea mtoni, ndani yake anatoka mtoto wa kiume, naye akishakua anawagawia wanyama watatu matonge ya unga wa nafaka, kisha wanafuatana hadi kisiwa cha mazimwi na kurudi na hazina. Ni hadithi tamu, na binti yangu anaipenda kama nilivyozipenda za Sungura na Fisi nilipokuwa mtoto Korogwe.

Ndiyo sababu niliumia nilipomkuta Momotaro huyo huyo amevikwa sare za jeshi. Mwaka 1931 alikwisha kupandishwa eropleni katika katuni fupi ya Murata Yasuji. Mwaka 1934, katika katuni nyingine, panya anayefanana mno na Mickey Mouse anavamia kisiwa cha amani akiwa amepanda popo, na Momotaro anachomoka kitabuni kuja kukiokoa. Mwaka 1943 mtengenezaji wa katuni Seo Mitsuyo, kwa kuungwa mkono na Wizara ya Jeshi la Majini, alitoa filamu ya dakika 37 ambamo shambulio la Japani dhidi ya Pearl Harbor, kituo cha majini cha Marekani, linageuzwa safari ya kwenda kisiwa cha mazimwi, na mmoja wa maadui ni baharia mlevi aliyechorwa kama Bluto wa katuni za Popeye. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Aprili 1945, ikatoka *Momotaro: Umi no Shinpei* (Momotaro: Askari Watakatifu wa Baharini), kazi ya Seo huyo huyo yenye dakika 74, filamu ya kwanza ya katuni ya Japani yenye urefu kamili.

Hiyo ya mwisho niliitazama katika ukumbi wa mtaa wetu, nimeketi kando ya jirani yangu ambaye umri wake umepita miaka 90. Kuna sehemu moja ambayo sijaweza kuiondoa akilini. Askari wa Momotaro wamepiga kambi katika kisiwa cha kusini, na wanyama wa huko, tembo na chui na kima na wengineo, wamekusanywa kufundishwa Kijapani. Hawaelewi kitu, wanapiga kelele ovyo, darasa linavurugika. Hapo askari mmoja anatoa kinanda cha mdomo na kuanza kupiga, silabi a, i, u, e, o zinageuka wimbo, na ile kelele yote inaingia taratibu katika mdundo mmoja. Wanaimba wakifua nguo za askari, wanaimba wakipika na kubeba mizigo ya kambi. Mguu wangu ulikuwa ukifuata mdundo huo kabla sijatambua ninachokitazama. Wanyama wale walikuwa watu wa Celebes, kisiwa ambacho leo huitwa Sulawesi nchini Indonesia, na visiwa vya jirani, watu waliokuwa na lugha zao, mashairi yao na shule zao, wakichorwa kama viumbe waliokosa hata sauti ya kueleweka hadi mgeni mwenye bunduki alipowapa. Nilimkumbuka bibi yangu, aliyefundishwa kumwimbia mfalme wa Uingereza kabla hajajua maana ya neno hata moja la wimbo wenyewe.

Watazamaji wa leo ninaowasikia hawakai sana na sehemu hiyo. Vijana wa nyumbani hutumiana kipande cha yule panya au cha Bluto mlevi na kuzichukua filamu hizi kama kituko cha kale. Wapenzi wa katuni wa Ulaya na Marekani huzungumzia ustadi, na ni kweli upo: mbegu za maua ya porini zinazopeperuka angani na kumkumbusha askari miavuli ya wenzake zimechorwa kwa upole ambao hata leo ni vigumu kuupata. Hapa Japani husimuliwa zaidi habari za Tezuka Osamu, gwiji wa katuni za Kijapani, aliyeiona filamu hiyo mjini Osaka akiwa na miaka 16, akalia, na akaazimia kuwa mchoraji wa katuni. Katika kazi yake ya simba mweupe wa Afrika, aliyoanza kuichora mwaka 1950, wanyama wa msituni nao wanafundishwa lugha ya binadamu.

Mimi nasema kwamba ubaya wa filamu hii umo ndani ya upole huo huo. Matusi dhidi ya baharia mlevi mtoto huyasahau akikua, lakini imani kwamba watu wa kusini wanangoja kufundishwa kusema huingia pamoja na wimbo na kukaa. Jirani yangu hakuiona filamu hiyo wakati wake, kwani alikuwa amepelekwa kwa jamaa kijijini, na wiki 11 baada ya filamu kutoka, Okayama iliteketezwa kwa mabomu ya Marekani, usiku wa kuamkia tarehe 29 Juni, watu zaidi ya 1,700 wakafa. Anachokikumbuka yeye ni ramani ukutani darasani, waliyoichomeka vibendera vidogo kila mji wa kusini ulipoangukia mikononi mwa jeshi lao. Filamu inamalizika kwa watoto kuruka kutoka mtini na kutua juu ya ramani ya Marekani waliyoichora chini. Jirani yangu alipoiona hiyo aliinamisha kichwa, na taa zilipowashwa hakuzungumza.

Nyumbani msimulizi hutuomba ruhusa kwanza. Tunajibu, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," na mtoto anakuwa amekwisha kuambiwa kwamba uongo unakuja pamoja na utamu wake. Pale ukumbini mwenyeji wetu alizungumza kwa dakika 10 kuhusu michoro na muziki, na hakusema hata sentensi moja kuhusu watu wa visiwani. Japani imehifadhi filamu zake: nakala ya hii ilipatikana ghalani mwa kampuni ya filamu ya Shochiku mwaka 1982, ikatengenezwa upya na kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2016, na hifadhi ya taifa ya filamu imeweka katuni nyingi za kale kwenye mtandao tangu 2017. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mbele ya pazia na kuutaja uongo kabla utamu haujakolea.

Sisi tunao msemo, lakini filamu hatuna. Babu mzaa mama alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, aliyepigana na Wajapani Burma mwaka 1944, na alitueleza kwamba kabla ya kupanda meli Mombasa waliambiwa kuwa Mjapani ni mnyama wa msituni anayeona gizani. Februari ya mwaka huo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, na zaidi ya watu 1,200 wakafa, wengi wao wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Kila upande ulimchora mwenzake mnyama, na babu akawa katikati, akichorwa na wote wawili. Tena kabla ya vita, kati ya 1935 na 1937, Waingereza walianzisha Vugiri, milimani Usambara, mradi wa kutengeneza filamu za kutufundisha Waafrika namna ya kuishi. Zile chache zilizobaki zimehifadhiwa Uingereza. Vugiri si mbali na nyumbani kwetu, na nimekuja kuiona Celebes ya katuni huku Okayama kabla sijaona hata filamu moja iliyopigwa kule.