Kabla ya Kukata Tiketi, Muulize Atakayekuja Kukupokea

Kila Kenya inapochafuka, sisi tulioko Uingereza huanza kuulizana: niende au niahirishe? Majibu hayakosekani. Mmoja atakutumia video ya moshi na vitoa machozi akuambie usithubutu. Mwingine yuko Kitengela, anasema maduka yamefunguliwa na watoto wameenda shule, njoo tu. Wote wawili husema kweli, ila wanazungumzia nchi nzima, na wewe hutasafiri nchi nzima. Unatoka uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, kwenda kwenu, siku fulani, saa fulani, ukiwa na masanduku na pengine watoto. Na kuna mtu atakayeacha kitanda chake usiku aje kukuchukua. Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie, kwa sababu katika mijadala yetu ya huku ni nadra kumsikia akitajwa.

Nianze na huku. Ukikwama katika uwanja wa ndege wa Uingereza, unakwama ukiwa na sheria upande wako. Ndege yoyote inayoondoka hapa, iwe ya shirika la nchi gani, inabanwa na kanuni zilizorithiwa kutoka Umoja wa Ulaya. Safari ikifutwa, shirika lina wajibu wa kukulisha, kukulaza hotelini ikibidi, na ama kukutafutia njia nyingine ya kufika ama kukurudishia nauli. Kosa likiwa lao, kwa safari ndefu kama ya Nairobi unaweza kudai fidia ya hadi pauni 520. Mgomo wa wafanyakazi wa uwanja huwaondolea fidia hiyo, lakini chakula na malazi hubaki juu yao. Machi 21, 2025, baada ya moto kuzuka usiku katika kituo cha umeme cha North Hyde, uwanja wa Heathrow, London, ulifungwa karibu siku nzima na safari zaidi ya 1,300 zikavurugika. Watu walihangaika, sikatai. Lakini abiria alijua ni nani wa kumdai.

Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba ulinzi huo haurudi nasi kila mara. Ukitoka Nairobi kuja London kwa shirika lisilo la Uingereza wala la Ulaya, kanuni hizo hazikuhusu. Ukifika Heathrow kwenda nyumbani una haki zote hizo. Wiki tatu baadaye, kwa tiketi ile ile, unasimama JKIA, yaani uwanja wa Jomo Kenyatta huko Embakasi, bila hizo haki. Angalia hilo kabla hujachagua ndege ya bei nafuu katika msimu wa maandamano.

Nyumbani, pengo hilo huzibwa na watu. Septemba 11, 2024, wafanyakazi wa JKIA waligoma kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja huo kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30. Mimi niliwaunga mkono na bado nasema walikuwa na haki. Novemba mwaka huo huo Rais Ruto mwenyewe aliufuta mpango huo. Mgomo uliisha siku hiyo hiyo, na ukiusoma kwenye gazeti unaonekana mdogo. Lakini siku kama hiyo mtu aliyekuja kumpokea mgeni hushinda nje kwenye gari, hajui ndege itatua saa ngapi, kibarua chake cha siku kimeota mbawa, mafuta yanaisha, na usiku unapoingia bado ana safari ya kurudi. Hakuna kanuni inayomlipia hoteli. Na msafiri aliyekosa ndege ya kuondoka hulala kwa shangazi Donholm au kwa rafiki Syokimau. Watu wetu wana moyo huo na ninajivunia. Hata hivyo moyo huo una gharama, na anayeulipia si mimi niliye Leeds.

Tukiongea juu ya hatari, twende polepole. Viwanja vya ndege vyetu hufungwa mara chache kuliko tunavyodhani. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, uwanja wa Nairobi ulikuwa wazi. Kilichofungwa ni barabara. Waliokuwa wamekuja kula Krismasi magharibi walikwama vijijini kwa sababu njia ya Nakuru na Eldoret ilikuwa na vizuizi, na petroli ikawa adimu. Julai 23, 2024, vijana walipotangaza kwamba wangeukalia uwanja wa JKIA, polisi walijazwa huko na ndege zikaendelea kuruka. Julai 7, 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, hali ikawa hiyo hiyo: ndege zilitua, lakini barabara kuu za kuingia katikati ya Nairobi zilizibwa na polisi, na mabasi ya usiku kutoka kaunti za mbali yalizuiwa kabla ya kufika mjini, huko karibu na Kabete. Abiria walishuka na mizigo wakatembea.

Kwa hiyo habari kwamba uwanja unafanya kazi hainitulizi hata kidogo. Mimi kwetu ni upande wa Kakamega. Ninachotaka kujua ni kama naweza kuunganisha ndege ya Kisumu pale pale JKIA bila kuingia mjini, na kama kutoka Kisumu hadi Kakamega kunapitika mchana. Wenzangu wa Busia na Malaba wengine huamua kutua Entebbe wakavuka mpaka kwa gari, na wa Kajiado hupitia Kilimanjaro na Namanga. Ni njia ndefu, lakini haimlazimu mtu yeyote kupita katikati ya Nairobi kwa ajili yako.

Hapo ndipo penye ugumu wa kweli: kupata jibu la ukweli kutoka nyumbani. Ndugu yako hatakuambia usije. Adabu haimruhusu. Umekaa mbali, wamekungoja, mama ameshaanza kuhesabu siku, sasa nani atakuwa wa kwanza kusema bakia huko? Ukiuliza hali ikoje utajibiwa "hali ni tulivu, njoo tu, tutapanga." Mwaka 2024, baada ya Juni 25 waandamanaji walipoingia Bungeni na kupigwa risasi, ndugu yangu anayeishi Kayole aliniambia maneno hayo hayo. Nilikuwa na safari ya kwenda kwenye sherehe ya mahari. Nikaacha kumuuliza kuhusu hali, nikamuuliza: jana umefika nyumbani saa ngapi? Ulipita wapi? Matatu ziliacha kubeba watu saa ngapi? Akaniambia ametembea kutoka mjini, tena si mara moja wiki ile. Mtu huyo ndiye aliyekuwa ameahidi kunifuata Embakasi alfajiri. Niliahirisha safari, sherehe ikiwa imebakiza wiki moja, na sauti yake ilionyesha wazi kwamba amepata nafuu.

Umuhimu wa kuuliza hivyo niliuona tena mwaka ule ule, kwa upande wa pili. Agosti 2024 ilikuwa zamu ya Uingereza kuwaka. Baada ya watoto watatu kuuawa Southport mwishoni mwa Julai, ghasia dhidi ya wageni zilienea katika miji mingi, na huko Rotherham, si mbali na ninapoishi, umati ulivamia hoteli iliyokuwa na waomba hifadhi. Serikali ya Kenya iliwatahadharisha raia wake walio huku. Mama akapiga simu akitaka nirudi nyumbani mara moja. Kumwambia niko salama hakukufaa kitu. Alitulia nilipomweleza mtaa wangu uko wapi, barabara zipi nimeziacha, natoka kazini saa ngapi na nani ninatembea naye. Basi mama aliyepata hofu ile kwa sababu ya picha za Rotherham ana hofu sawa na yangu ninapoona picha za Kenyatta Avenue, Nairobi, na dawa yake ni ile ile.

Kuhusu bima, nitasema machache kwa kuwa watu wengi huitegemea kuliko inavyostahili. Bima nyingi za safari za hapa haziguswi na hofu yako. Ukiogopa ukabaki, ilhali ndege inaruka, nauli hiyo ni hasara yako. Ukiinunua baada ya maandamano kutangazwa, hutalipwa kwa ajili ya maandamano hayo. Na serikali ya Uingereza ikishauri watu wasisafiri kwenda sehemu fulani, ukienda huko bima yako inaweza kukosa nguvu. Tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe ina faida zaidi kuliko bima ya aina hiyo, hata kama ni ghali kidogo. Wenye uraia pacha nao wakumbuke: ukiwa Kenya, Uingereza kwa kawaida haikutetei kibalozi, kwa kuwa pale wewe ni Mkenya.

Halafu intaneti. Alasiri ya Juni 25, 2024 ilizorota nchi nzima. Ukiwa umepanga kila kitu kwa WhatsApp, unaweza kutua na usimpate mtu. Panga kwa simu ya kawaida kabla hujapanda ndege: tusipoonana, tukutane wapi, na saa ngapi kila mtu aondoke zake.

Mazishi ndiyo yanayonisumbua zaidi. Kwa mahari, kwa harusi, kwa kuonyesha watoto shamba, naahirisha bila kujuta. Kwa mzazi anayeugua naenda, na nitatafuta njia yoyote. Lakini kwa msiba, desturi yetu ya kumngoja aliye ng'ambo huiweka familia nzima rehani. Mwili uko mochari, gharama inaongezeka kila siku, wageni wanalala kwenye matanga, na watu wanatumwa kwenye barabara mbaya ili mimi nisiukose udongo. Nawapenda watu wangu na ninajua uchungu wa kuzika kupitia simu. Bado nimewaambia ndugu zangu wazi, mbele ya baba: nchi ikiwa imechafuka na mimi niko huku, zikeni. Msimtume mtu Nairobi usiku kunifuata. Nitakuja njia ikifunguka, tutakaa pamoja, tutalia upya. Mjomba mmoja alikasirika sana. Nilimsikiliza hadi mwisho, na sikubadilisha neno.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, katikati ya likizo ya shule za huku, wakati ambapo familia nyingi za Wakenya hupenda kwenda nyumbani. Nauli zikianza kutangazwa, kishawishi kitakuwa kikubwa. Sisemi nchi itawaka. Naiombea amani kwa moyo wote, na uchaguzi wa 2022 ulituonyesha kwamba inawezekana kumaliza kesi mahakamani watu wakarudi kazini. Lakini safari yetu tumeihamishia Pasaka ya 2027. Tutapitia Kisumu, tutatua mchana, na mdogo wangu atakuja kutuchukua baada ya kunywa chai yake ya asubuhi. Baba akizidiwa Agosti, hapo ni habari nyingine: nitakata tiketi siku hiyo hiyo, na swali langu la kwanza kwa mdogo wangu litakuwa amefikaje nyumbani jana.