Titaniamu haipati kutu, waulize wa kijiweni

Jamani naomba nianze na sufuria maana ndiyo yenye kesi mpaka leo. Ile sufuria haikuwa yetu. Ilikuwa ya mama mkwe, ile kubwa ya shughuli, ilikaa kwetu tangu arobaini ya mtoto, na kila akipiga simu lazima aiulizie, "sufuria yangu haijambo?" Yaani anaijulia hali sufuria kabla hajanijulia mimi mkwewe. Na mimi nimeiua kwa muda wa kikombe cha kahawa, tena nikiwa najua kabisa ninachofanya, hapo ndipo panaponiuma.

Ilikuwa hivi. Nakaa Tanga, Ngamiani, na Tanga mtu kuwa na baiskeli siyo habari, habari ni kutokuwa nayo. Siku moja napita kwa wauza baiskeli za mtumba nikaona kwenye lundo la fremu, chini ya Phoenix tatu zilizooza, fremu moja ya kijivu haina rangi hata tone. Nikaivuta nikadhani nitaivuta kwa nguvu kama zile nyingine, ikaja na mkono nusura nianguke nayo, nyepesi kama kapu la ukili. Muuzaji akasema hiyo bati tu kaka, nipe 25,000 uondoke nayo. Moyo unanidunda, uso nimeukunja kama mtu anayelazimishwa kununua. Kwa sababu kwenye stika iliyobaki nusu pale kwenye bomba la siti nilishasoma: 3AL 2.5V.

Nikakimbia nayo kwa fundi wangu. Fundi akaizungusha, akatoa smaku ya spika mbovu akaibandika, smaku ikadondoka chini. Akaibandika tena pengine, ikadondoka. Akavaa miwani akasoma stika, akanyamaza kidogo.

"Volti mbili na nusu," akasema. "Sasa betri yake iko wapi?"

Nikacheka mpaka wateja wakageuka. Nikamwambia fundi hiyo siyo volti, hiyo AL ni aluminiamu asilimia 3, hiyo V ni vanadi asilimia 2.5, karibu chote kilichobaki ni titaniamu, ile metali nyepesi isiyopata kutu, ndiyo wanavyochanganya kwa ajili ya mabomba ya baiskeli. Akasema kumbe imekorogwa kama pilau. Nikasema eeh. Akasema basi sawa, tuichomelee karia nyuma, ataiwekea ya nondo ya milimita nane, atabeba hata gunia la mkaa. Nikamnyang'anya fremu! Titaniamu haichomelewi kwa gesi ya uchochoroni, ikipata moto ule inavuta hewa inakuwa kama kigae, inataka iogeshwe gesi ya agoni wakati wote inapochomwa, ndani na nje. Fundi akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya mtu anayemwona mwenzake amenunua baiskeli isiyobeba mkaa.

Sasa tatizo la fremu lilikuwa moja. Lile bomba la kushikilia siti lilikuwa la aluminiamu na limeganda ndani, halipandi halishuki halizunguki. Hii kwa wanaozijua fremu hizi ni ugonjwa wa kawaida, ukikutanisha aluminiamu na titaniamu halafu katikati ukaweka chumvi, iwe jasho au upepo wa bahari, aluminiamu ndiyo inayoliwa, inatoa unga mweupe unavimba unabana kuliko gundi. Ilitakiwa mwenye nayo wa kwanza huko alikokuwa aipake grisi, hakupaka, Mungu amsamehe. Tukaning'inia na fundi kwenye spana ya bomba, yeye huku mimi huku kama tunacheza kuvutana kamba, kitu kimetulia tu.

Lakini dawa naijua. Kostiki. Kostiki soda inakula aluminiamu kama mchwa na titaniamu haiigusi. Na kostiki kwangu haikosi, mama watoto anapika sabuni za miche. Unaigeuza fremu juu chini, unaziba mdomo wa bomba, matundu ya kushikia chupa unayafunga na skrubu, halafu unamimina kostiki kupitia kule pedeli zinapokaa, unasubiri. Nikavaa glavu, nikavaa miwani, nikatoka uani penye hewa, nikakumbuka hata ile sheria kwamba unatia kostiki kwenye maji, humwagii kostiki maji, maana itakurukia usoni. Yaani nimefuata kila kitu. Ndoo ya plastiki ilikuwa na nguo za watoto nikaona nisiwasumbue, nikachukua sufuria.

Ya aluminiamu.

Nacheka sasa hivi lakini siku ile hata kengele haikulia kichwani. Nikatia maji, nikatia kostiki, ikapata moto, nikasema safi, kostiki ikiyeyuka lazima ipate moto, hiyo ni kemia. Ikaanza vipovu, nikasema safi. Nikaiacha ipoe, nikaenda kijiweni kupiga kahawa, na huko nikawapa wazee darasa zima kuhusu jinsi kostiki inavyokula aluminiamu. Nakwambia nimetoa darasa huku somo lenyewe linaendelea nyumbani!

Nimerudi nakuta kuku wote wamehamia kwa jirani. Sufuria inafoka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, povu la kijivu, mvuke unachoma pua, na chini kuna mfereji mdogo unatoka unaelekea kwenye mchicha. Nikaisubiri ichoke, nikamwaga maji ndoo kwa ndoo, nikaiinua na glavu nikaielekeza juani. Kitako kimekuwa cheusi ti na kina matundu saba, nimeyahesabu, mwanga unapita vizuri kabisa, ukipenda kuchuja tui unachuja.

Mama watoto akatoka. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali apige. Akaishika, akanichungulia kupitia kwenye tundu kubwa, jicho moja.

"Baba watoto, bomba la baiskeli limetoka?"

"Bado."

"Aha."

Akaingia ndani.

Safari ya pili nikatumia ndoo ya plastiki, na kwa kweli kazi ilikwenda, siku mbili usiku na mchana, namwaga ile iliyochoka natia nyingine, na asubuhi ya tatu bomba likamwagika lenyewe kama uji wa kijivu, kipande kilichobaki nikakitoa kwa vidole. Ndani ya fremu kumekaa vile vile, hata mstari haukuliwa. Nikamwita mama watoto aje aone maajabu. Akasema ana kazi.

Ikabaki kusafisha nje. Hapo ilikuwa na mikwaruzo na gundi ya stika na mafuta ya miaka mingi, nikaanza na msasa wa maji, unasugua kuzunguka bomba siyo kwa urefu, ili mistari yote ilale upande mmoja, na utamu wa titaniamu ni huo, haipakwi rangi, unaisugua inabaki na ule mng'ao wake wa kijivu kama samaki mbichi. Msasa ukaisha saa mbili usiku, maduka yamefungwa na mimi ndiyo nimepata mzuka. Nikaenda jikoni (ndiyo, tena jikoni) nikachukua stiliwaya. Ile laini, ile ukiiacha kwenye sinki siku moja inaota kutu na kuchora duara. Nikasugua mpaka saa sita. Ikang'aa mpaka ukiiangalia unajiona pua.

Kesho yake nikaipeleka kijiweni begani kama maiti ya mfalme. Nikawapa mambo yote, kwamba mtu wa kwanza kuigundua titaniamu alikuwa mchungaji wa kanisa huko Cornwall, Uingereza, mwaka 1791, kwenye mchanga mweusi, na kwamba mchanga wa aina hiyo ulikuwa unachimbwa hapo Kwale tu, Kenya, ukivuka mpaka wa Horohoro ni jirani, walianza kuusafirisha 2014 wakafunga mwisho wa 2024. Babu mmoja akasema kwa hiyo hii baiskeli ni mchanga. Nikampuuza. Nikasema sentimita moja ya ujazo ya chuma ni gramu 7.8 na hii ni 4.5 tu, nikasema haiyeyuki mpaka nyuzi 1,668. Babu akauliza ni nani anayeendesha baiskeli kwenye joto hilo. Watu wakacheka, na mimi damu ikanipanda, nikatamka maneno ambayo ningeweza kuyameza ningeyameza na kikombe chake: hii fremu ukiizika Raskazoni ufukweni miaka mia ukaja kuifukua haina hata doa la kutu, na nikiwa mwongo nawanywesha kahawa na kashata kijiwe kizima wiki nzima.

Babu hakusema kitu. Akamtuma mjukuu wake dumu la maji ya bahari. Fremu ikamwagiwa, ikatundikwa kwenye mwembe pale pale mbele ya mashahidi, nami nikaenda kulala usingizi wa mtu mwenye haki.

Asubuhi nimefika watu wamejaa kama kuna msiba. Babu ameshavaa miwani na kidole chake kiko juu ya bomba la kati, hakitoki. Nikasogea. Vidoa. Vya rangi ya chungwa. Siyo kimoja, fremu nzima imetapakaa kama mtoto mwenye surua.

Nilijua papo hapo. Ile stiliwaya ni chuma, na unapoisugua kwenye titaniamu inaacha vipunje vyake vimejisokomeza kwenye uso, hivyo vipunje ndivyo vilivyopata maji ya chumvi vikaota kutu, titaniamu yenyewe mzima kabisa wala haina habari. Nikaeleza. Nikaeleza kwa mikono, nikachora chini na kijiti, nikasema wazee wangu hii kutu siyo ya baiskeli, hii kutu ni ya jikoni kwangu.

Babu akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mjukuu wangu, kutu ni kutu. Hatuiulizi imezaliwa ukoo gani."

Muuza kahawa akawa ameshaanza kuhesabu vikombe. Siku saba jamani, na kijiwe ambacho siku zote kina watu tisa ghafla kikawa na watu kumi na wanane, wengine sijawahi kuwaona, mmoja nina uhakika alitoka Muheza.

Kuisafisha haikuwa hata kazi. Ndimu. Nilikamua ndimu, nikaipaka nikaiacha kidogo, vidoa vikalainika, nikaosha, halafu nikahitaji kitu kisicho na chuma cha kumalizia. Nikasimama mlangoni mwa jikoni bila kuingia. Mama watoto akaniangalia kwa muda, akachukua ile spongi yake ya kijani ya kuoshea vyombo akaikata nusu na kisu.

"Nusu hii," akasema. "Na uirudishe."

Ikatoka nzuri kuliko mara ya kwanza, nakwambia kweli. Bomba jipya la kushikilia siti nimelipaka grisi kama nampaka mtoto mafuta, na siku hizi napita nayo mbele ya kijiwe polepole makusudi, babu akiniona anapaza sauti tu, "Surua imepona?"

Sufuria sasa. Mama mkwe alikuja Ijumaa bila taarifa. Mama watoto akamwambia sufuria imeazimwa msikitini, Mungu atusamehe wote, na Jumamosi asubuhi tukawa sokoni mimi na yeye tunatafuta pacha wake. Muuzaji akaipiga sufuria konzi ikalia ngaa, akaniambia kaka chukua hii, aluminiamu nzito, hii haijui kutu.

Mama watoto hakunigeukia hata. Alimtazama muuzaji akamwambia, "Kutu hatuiogopi. Baiskeli je, inazihimili?"