Aliyetapeliwa akaseme wapi?

Ndugu zangu wengi nyumbani Tanzania wanaamini kwamba huku Marekani hakuna matapeli, au kwamba Mmarekani hatapeliki. Matapeli wamejaa. Kwa mwaka 2024 pekee, wananchi waliripoti kwa tume ya serikali inayolinda wateja, FTC, hasara ya zaidi ya dola bilioni 12.5, na hao ni wale tu waliojitokeza kusema. Unapigiwa simu na mtu anayejiita ofisa wa serikali, anadai namba yako ya Social Security, ile ya utambulisho inayotolewa na serikali, imesimamishwa, ukanunue kadi za zawadi dukani umsomee namba za nyuma, la sivyo polisi wanakuja. Sisi wahamiaji tuna matapeli wetu pia. Anakuja mtu mwenye muhuri wa kuthibitisha nyaraka, ambaye kwa sheria za hapa si wakili hata kidogo, anasema atakuharakishia makaratasi ya uhamiaji. Mkimbizi aliyetoka Kongo juzi, Kiingereza bado kinamsumbua, atajuaje?

Kwa hiyo wizi upo pande zote mbili. Tofauti ninayoiona mimi inaanzia pale mtu anapogundua kwamba ameshaibiwa.

Hapa anaingia ReportFraud.ftc.gov, au anapiga simu, anaeleza yaliyompata. Haulizwi kwa nini alikubali. Tume haimfuatilii kila mtu shauri lake, na inasema hivyo waziwazi, ila maelezo yake yanawekwa mahali ambapo polisi na waendesha mashtaka wa nchi nzima wanaweza kuyasoma. Aliyeibiwa utambulisho anakwenda IdentityTheft.gov, anapangiwa hatua za kufuata na kutayarishiwa barua za kupeleka benki. Kufunga taarifa zake za mikopo, ili mwingine asikope kwa jina lake, ni bure kisheria tangu 2018.

Malalamiko yakikusanywa yanageuka ushahidi. Western Union sote tunaijua, wengi wetu tumewahi kutuma au kupokea hela kupitia kwao. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 586, kwa kuwa matapeli walikuwa wakipokea hela za watu kupitia baadhi ya mawakala wake na yenyewe haikuwadhibiti ipasavyo. Serikali iliijenga kesi kwa kutumia malalamiko ya wateja: zaidi ya 550,000 yalikuwa yameifikia kampuni kati ya 2004 na 2015. Kuanzia 2020 waliotapeliwa wakaanza kurudishiwa. Wengi wao bila shaka walikuwa wameshakata tamaa.

Sasa njoo nyumbani. Mama yangu mdogo alipigiwa simu kwamba mwanawe ameanguka shuleni, inatakiwa hela ya hospitali haraka. Mzazi gani hatatuma? Nilipomuuliza ameripoti wapi, alinijibu, "Nimwambie nani, mwanangu? Watanicheka." Na walimcheka kweli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela yenyewe.

Kumbe pa kusema papo. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" unaituma kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ukibonyeza *106# unaona laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, maana kuna watu wanasajiliwa laini wasizozijua. Takwimu nazo zinatolewa kila robo mwaka, na mikoa ya Rukwa na Morogoro imekuwa ikiongoza kwa majaribio ya utapeli. Lakini takwimu hizo zinaishia kwenye ripoti ambazo mama yangu mdogo hatazisoma kamwe. FTC ikiona ujanja mpya, inautolea tahadhari kwa maneno mepesi, kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Sisi tuna lugha moja inayosikika hadi kijiji cha mwisho, redio kila nyumba, halafu mtu anajifunza kwa kuibiwa!

Sisemi huku kila kitu kiko sawa. Ukimtumia tapeli hela kwa Zelle, huduma ya kutumiana hela benki kwa benki, kwa mkono wako mwenyewe, mara nyingi benki itakwambia uliidhinisha. Waingereza wamewapita Wamarekani: tangu Oktoba 7, 2024, benki zao zinatakiwa kumrudishia mteja aliyedanganywa akahamisha hela, hadi pauni 85,000. Kwetu ukiwahi kuipigia kampuni ya simu kabla tapeli hajatoa hela, unaweza kuiokoa. Ila lazima uwahi, na aibu ndiyo inayowachelewesha watu.

Tunaotuma hela nyumbani kila mwezi tuwatumie na namba hiyo, 15040, na tukisikia mtu kaibiwa tuache kumuuliza tamaa ya nini. TCRA, polisi na kampuni za simu nao ninawaomba jambo moja: mtu akiripoti namba, arudishiwe jibu. Aambiwe laini imefungwa lini, ilisajiliwa kwa jina la nani, na kama kuna aliyekamatwa.